Nambari ya Asubuhi

Mama mkubwa Yoke Lan alishona sare za shule miaka thelathini hapa mjini Ipoh. Macho yalipochoka akauza cherehani, akaanza kwenda kwa dalali wa hisa kila siku ya kazi na mfuko wa machungwa. Pale ukumbini watu hupiga kelele bei zikipanda. Yeye humenya chungwa.

Njia yake ni ya polepole. Hununua hisa iliyoshuka ikatulia, akaikalia siku tano, pengine wiki mbili, ikipanda anauza. Kabla ya kununua huandika nambari mbili pembeni mwa gazeti: bei ya kuuza akipata, na bei ya kuuza akikosa. Sijawahi kumwona akifuta. Hajatajirika, ila kodi ya nyumba imelipwa hivyo miaka sita.

Shemeji yake Tuck Weng, dereva teksi, hana subira hiyo. Yeye huazima hisa zinazorukaruka, anaziuza bei ikiwa juu, halafu anaomba ishuke azinunue kwa bei rahisi na kuzirudisha kabla soko halijafungwa. Ikishuka, tofauti ni yake. Ikipanda, anatoa mfukoni.

Siku moja asubuhi, nikiwa nao ukumbini, Weng aliuza hisa elfu kumi za kampuni moja ya glavu, kila moja ringgiti 1.20. Pesa aliyoweka dhamana ilikuwa ya kutengeneza injini ya teksi, na hana kazi nyingine.

"Andika nambari ya kutokea ukikosa, shemeji," mama mkubwa akamwambia.

"Ya nini? Hii leo inaanguka. Huoni ilivyovimba?"

"Andika tu."

Akaandika 1.30 kwenye gazeti la mama mkubwa, kama mtu anayetia sahihi kumridhisha mtoto.

Baada ya chakula cha mchana bei ilikuwa 1.26. Saa tisa ikagusa 1.30.

"Nunua, utoke."

"Ngoja kidogo, inageuka sasa hivi."

"Weng, nunua."

"We mama, hiyo ni hasara ya elfu nzima!"

"Hisa yangu ikianguka, mwisho wake sifuri. Yako ikipanda, mwisho wake wapi?"

"Kwenye teksi!" mzee mmoja akadakia nyuma yetu, ukumbi ukacheka.

Weng hakucheka. Jasho lilikuwa limemlowesha kola. "Asubuhi sikujua kitu. Sasa naiona vizuri."

"Sasa unaogopa. Aliyeandika hapa hakuwa anaogopa."

Akanunua. Ringgiti elfu moja zikaenda.

Nusu saa haikupita, bei ikaporomoka. Soko lilifungwa ikiwa 1.12.

Weng akasimama. "Ungeninyamazia tu, ningekuwa na mia nane mfukoni!"

Watu wote walimtazama mama mkubwa. Nilidhani atajitetea, au ataomba radhi.

"Ni kweli," akasema. "Ungezipata."

"Basi?"

"Basi kesho bei ikigusa nambari ungesubiri tena. Na keshokutwa." Akakunja gazeti, akaokota maganda yake moja moja.

Weng alitupeleka nyumbani kwa teksi yake, injini ikikohoa, mita akiwa ameiwasha makusudi. Ringgiti kumi na moja. Mama mkubwa alilipa zote bila kubishana, kisha akainama dirishani.

"Jumapili uje kula."

"Nitakuja," Weng akasema, bado amenuna. "Lakini sitaki ushauri."

"Nitakupa supu."

Weng akazima mita.