Bunduki ya Upepo kwa Jina la Shemeji

Nilikuwa na kichwa cha mteja mikononi, nusu kimesukwa, mume wangu aliponipigia simu kutoka kazini. Yeye hapigi simu mchana. Anapakia mizigo kwenye ndege, na simu huiacha kabatini. Nikajua kuna msiba.

"Watu wa douane, wale wa forodha, wameniita," akasema. "Kuna bunduki imefika kwa jina langu."

Bunduki! Nilimwacha mteja na kitana kichwani, nikamwomba mwenzangu wa kiti cha pili ammalizie, nikatoka saluni yetu ya Galerie d'Ixelles mbio bila kuvua aproni. Pale Porte de Namur nilisukumana na watu kwenye ngazi za metro, wakanitukana, sikujali. Mume wangu na bunduki? Mtu ambaye hata kuku wa Noeli huniachia mimi nimchinje?

Kwenye ofisi ya forodha, kule uwanja wa ndege, niliikuta imelazwa mezani. Ndefu, nyeusi, ina kitako cha mbao. Afisa, mama mmoja mpole mwenye miwani, alinieleza polepole: ni bunduki ya upepo, haina baruti, inarusha kidonge kidogo tu cha risasi. Lakini hii ina nguvu nyingi, na haiwezi kuingia nchini bila kibali na kabla haijapimwa. Tena juu ya sanduku, lililotoka Istanbul, mtumaji ameandika: kifaa cha kuchezea mtoto.

"Mna mtoto wa miaka mingapi?" akaniuliza.

"Miwili."

Akaitazama bunduki, akanitazama mimi. Aibu! Nilitamani sakafu inimeze.

Hapo ndipo nikaelewa. Mdogo wangu, yule anayefanya biashara Istanbul! Baba yetu analima mpunga bonde la Ruzizi, na vindege vinaumaliza kabla hajavuna. Kila akipiga simu anaomba apatiwe kitu cha kuvifukuza. Basi mdogo wangu kanunua, katuma kwetu, ili msafiri wa kwanza anayekwenda Bujumbura, jirani na kwa Baba, aifiche katikati ya nguo zake. Ndiyo njia yetu sisi tulio ughaibuni: mzigo unapita kwa ndugu, ndugu anampa msafiri. Na juu ya sanduku kila mtu anaandika kitu cha bei ndogo ili asitozwe ushuru. Manukato yanaitwa sabuni, simu inaitwa chaja. Lakini bunduki uiite mwanasesere? Mjinga yule!

Na kwa nini jina la mume wangu? Heshima, hiyo tu. Kwetu hutumi kitu kwenye nyumba ya mtu ukamruka baba mwenye nyumba, ukaandika jina la mke. Utaambiwa umemdharau.

Mume wangu alikuwa amekaa wima, beji yake ya uwanja wa ndege inaning'inia kifuani. Bila beji ile hakanyagi pale penye ndege, na bila kazi ile sijui tungekula nini. Afisa alisema wazi: kama alijua habari za mzigo huu, beji inabaki hapa leo hii. Kama hakujua, arudi kazini kwake.

"Sikujua, Madame," mume wangu akasema. "Mpigie shemeji yangu, umuulize mwenyewe. Anajua Kifaransa."

Afisa akakubali. Simu ikawekwa mezani, sauti juu, wote tusikie. Nikashusha pumzi. Mdogo wangu ataeleza, tutakwenda nyumbani, halafu mimi nitamla mbichi.

"Bwana," afisa akauliza, "mume wa dada yako alijua kwamba unamtumia silaha?"

Nikamsikia akisafisha koo, vile anavyofanya harusini mbele ya wakwe.

"Madame," akasema kwa Kifaransa chake cha kanisani, "shemeji yangu ni mtu mkubwa. Mimi kwake ni mtoto. Ningewezaje kuingiza kitu nyumbani mwake bila ruhusa yake? Alijua, Madame. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniruhusu."

Mungu wangu! Nilipiga meza mpaka bunduki ikaruka. "Muongo! Hakujua kitu! Sema hakujua!" Nilipayuka kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, Kilingala nacho kikatoka chenyewe. Afisa akainua mkono ninyamaze. Mkono wa pili ulikuwa unaandika.

Na mimi namjua mdogo wangu. Hakusema vile kwa ubaya. Kumwambia mgeni kwamba shemeji yake hajui kinachoingia nyumbani mwake, kwake hilo ni tusi. Alidhani anamsaidia.

Nikamgeukia mume wangu. "Kataa! Mwambie anadanganya!"

Akaitazama simu pale mezani. Amwite ndugu wa mkewe mwongo, mbele ya Wazungu, na mwenyewe yuko kwenye simu anasikia?

"Allô? Shemeji?" sauti ikaita, sasa kwa Kiswahili chetu cha Bukavu. "Bon, nimesema muzuri?"

Mume wangu aliinama karibu na simu.

"Umesema muzuri, shemeji," akajibu. "Aksanti sana. Usalimie bibi na batoto."

Akakata simu. Kisha akaivua beji shingoni, akaizungushia kamba yake vizuri, akaiweka mezani kando ya bunduki.