Kiti cha Mashine ya Pili

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa nikitoboa kadi katika ofisi ya wakulima wa chai mjini Kisii. Kilo za majani kutoka Nyamira niliziandika kwa matundu, kisha gari likapeleka kadi Nairobi, kwenye kompyuta ambayo sikuwahi kuiona. Mbele ya rundo tuliweka kadi chache za amri, zilizoiambia kompyuta ifanye nini.

Mimi nilitoboa. Mke wangu, kwenye mashine ya pili, alipiga tarakimu zilezile upya kutoka karatasi ileile ya mizani, na pale tulipotofautiana taa nyekundu iliwaka.

"Baba watoto," alikuwa akisema bila kuinua kichwa, "umelala tena?"

"Huenda ni wewe."

"Haya, tazama karatasi."

Nikitazama, aliyekosea ni mimi.

Alifariki wakati wa mvua, tukamzika nyumbani, upande wa Nyamache. Niliporudi kazini meneja, mtu wa upande wa ziwa, alisema angetafuta mtu wa kuhakiki. Nilimwomba asitafute, ningetoboa asubuhi na kuhakiki mchana. Ukweli ni kwamba sikutaka mtu akalie kiti kile. Sweta ya mke wangu ilikuwa bado mgongoni mwa kiti.

"Tujaribu," alisema. "Lakini kadi zikikwama, ndugu, nitaleta mtu."

Punde kadi moja ya amri ikachakaa kwa safari. Nikaitupa, nikatoboa nyingine bila kutazama popote, kwa kuwa niliijua kama sala. Nikaihakiki mwenyewe. Taa haikuwaka.

Rundo lilirudi na karatasi yenye mstari mmoja: amri haikueleweka. Nilitoboa kadi ile upya, nikaihakiki, nikatuma. Likarudi. Nikashuku kadi za wakulima, nikazipitia zote kwa siku nne, peke yangu, na taa haikuwaka hata mara moja. Likarudi tena. Meneja akaacha kunitania.

Mke wangu alikuwa akihifadhi nakala za kadi za amri katika droo yake. Nilijua hilo tangu siku ya kwanza. Droo sikuwa nimeifungua tangu mazishi.

Niliifungua. Kitana, kitambaa, na kadi zimefungwa kwa mpira. Niliweka yake juu ya yangu nikaziinua dirishani, kama alivyozoea kufanya. Mwanga ulipita kwenye matundu ya mwanzo. Kuanzia katikati, giza. Nilikuwa nimeruka nafasi moja, na yote yaliyofuata yakasogea. Kila nilipohakiki, niliruka palepale. Mashine ililinganisha kosa langu na kosa langu, ikaridhika.

Nilituma kadi yake. Rundo likapita, na meneja akaja akitabasamu.

"Kadi zile zilikuwa zimelowa njiani, sivyo? Dereva yule hafungi dirisha."

Ningeitikia tu, kiti kingebaki kitupu.

"Hapana," nikasema. "Nilikosea, kisha nikajihakiki kwa kosa lilelile. Kazi hii inataka mtu wa pili."

Aliitazama sweta. "Una hakika?"

"Ndiyo."

Ijumaa niliibeba sweta nyumbani. Jumatatu akaja binti kutoka Suneka, akakivuta kiti karibu na mashine. Kabla ya chai ya saa nne taa nyekundu iliwaka.

"Samahani, mzee," alisema. "Nadhani nimekosea."

Nikatazama karatasi. Ni mimi.