Afande Sikio Apimwa Shati

Tangu barua ya kamati ifike, askari magereza mstaafu hakukaa kitako. Akiingia sebuleni anakumbuka bomba la uani linavuja. Akifika uani anasahau alichofuata. Mkewe, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, alimhesabu akipita mara ya nne.

"Mume wangu, kila kiti cha nyumba hii kina siafu?"

"Natafuta shati la kuvaa mbele ya kamati."

"Uani?"

Akavaa viatu, akatoka.

Kamati ilitaka kuamua jambo moja: viboko, vilivyokwisha kufutwa magerezani, virudishwe au la. Na aulizwe nani kama si yeye? Miaka ishirini na sita ndiye aliyeshika kiboko. Utaratibu wa gereza lao ulikuwa hivi: kila baada ya viboko sita, mchapaji alisita na kuuliza, "Umejuta?" Mfungwa akisema, "Nimejuta, afande," ni juu ya mchapaji kupima kama neno limetoka moyoni au limeishia mdomoni. La moyoni, mfungwa anafunguliwa kamba pale mezani alipofungwa. La mdomoni, anaongezwa sita.

Yeye alisifika kwa kupima. Alifumba macho, akainamisha kichwa, akasikiliza. Wenzake wakampachika jina, Afande Sikio, likamganda hadi mtaani. Kwa ajili ya sikio hilo alilala usingizi wake vizuri. Hakujiona mpiga watu, alijiona mtu anayetoa uchafu kwenye kidonda. Ila wiki hii alikuwa akijaribu kukumbuka japo sauti moja iliyokuwa ya kweli, na zote zilimjia kwa mkupuo, kama mvua juu ya bati.

Fundi cherehani wa karibu na stendi alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, pini kadhaa amezibana midomoni. Alimsimamisha mbele ya kioo.

"Nyoosha mkono, mzee wangu. Huo wa kulia."

Akapima. Akapima tena.

"Mbona unarudia? Futi yako imesahau kuhesabu?"

"Bega hili limejaa kuliko mwenzake, na limeshuka. Nikikata sawasawa, shati litakupanda shingoni."

"Ni kazi, fundi. Kazi inamjenga mtu upande mmoja."

"Kazi yenyewe naijua." Fundi alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kola yake. "Nilikujua ulipoingia, Afande Sikio. Na kama mimi ningekusahau, mgongo usingekusahau."

Mzee alitazama mlango. Miguu ilitaka kwenda, lakini swali lilikuwa limemkaba wiki nzima, na mtu wa kumuuliza ndiye huyu.

"Uliingia kwa kosa gani?"

"Niliiba cherehani. Ya mama mmoja mjane, alikuwa akiishi kwayo."

"Nilikuchapa vingapi?"

"Kumi na viwili, safari ya kwanza. Baada ya sita vya kwanza nilijibu haraka mno, ukasema hapana, ukaongeza sita. Mwenzangu wa selo akanifundisha baadaye: afande yule usimjibu papo hapo, vuta pumzi, acha sauti ikatike katikati. Nilipoletwa tena kwako safari ya pili nikafanya hivyohivyo. Ukanipa sita tu, ukanipigapiga bega. Ukasema, 'Huyu amepona.'"

Fundi hakucheka. Mzee alihisi masikio yakipata moto.

"Kwa hiyo hukujuta?"

"Pale mezani? Pale nilikuwa nakuchukia wewe, mzee wangu. Kichwa kizima kilijaa wewe. Yule mama angekaa wapi? Na nikishushwa nilijiona nimekwisha kulipa. Tumemalizana, hakuna anayenidai."

"Basi hukujuta kabisa."

"Sikusema hivyo." Fundi alizungusha futi kiunoni mwa mzee, akaandika kitu kwenye kipande cha boksi. "Walinipeleka karakana ya kushona. Siku moja nilikuwa na sare chini ya sindano, kengele ikalia, nikatakiwa kuiacha mkono mmoja haujashonwa. Nikaingiwa na uchungu, mtu mzima mimi, kwa ajili ya mkono wa sare! Hapo nikakumbuka. Nilipoichukua ile cherehani palikuwa na shati la mtoto chini ya sindano. Nililichomoa, uzi ukakatika, nikalitupa mtaroni nisije nikatambulika nalo. Hakuna aliyenigusa siku hiyo. Lakini chakula hakikushuka siku tatu."

"Ulimwendea?"

"Nilipotoka. Alinisikiliza dirishani mpaka mwisho, kisha akafunga dirisha. Ndiyo haki yake. Na nikaja kuona ni afadhali. Angenipiga, ningejiona tumemalizana tena." Akainua uso. "Shati lichukue kesho jioni. Mfuko mmoja au miwili?"

"Mmoja," mzee alisema.

Keshokutwa yake asubuhi ukumbi wa kamati ulijaa. Nyuma yake walikaa wastaafu wenzake, wamenyoa, wamependeza, wanamsubiri awasemee. Mwenyekiti, mama mwenye miwani mnyororoni, alimwuliza kwa upole:

"Mzee wetu, katika wote uliowaadhibu, walijuta?"

"Wote walisema wamejuta."

"Nauliza kama walijuta."

Mzee aliinua uso, akamtazama.

"Namjua mmoja, mheshimiwa. Na hakujuta mikononi mwangu. Mimi nilimchelewesha."

Minong'ono ikapita. Mwenyekiti akasimamisha kalamu.

"Kwa hiyo ushauri wako?"

"Msivirudishe. Miaka yote ile nilidhani nasikia mioyo. Nilikuwa nasikia maumivu, na watu waliojifunza kuniridhisha."

Aliporudi kukaa, mwenzake wa zamani alimwinamia kwa hasira.

"Umetuvua nguo mbele za watu, Sikio."

"Nimejivua mimi," mzee akajibu. "Wewe kama nguo yako bado inakutosha, vaa."

Mwenzake akasogeza kiti pembeni, na kiti kikapiga kelele sakafuni, ukumbi mzima ukageuka kutazama.