Utitiri Chumbani kwa Mkwe

Nyie wajukuu mtakaosoma haya, msidhani najisifu. Nawaeleza nilivyotaka kuvunja ndoa ya mwanangu kwa ajili ya kuwashwa.

Mke wa mwanangu alikwenda kwao Kisarawe kujifungua. Chumba chake hapa Misugusugu kikabaki kitupu, maana mwanangu naye alikuwa mbali kikazi hadi mkewe aliporudi, nami nikamweka kuku aatamie chini ya kitanda, ndani ya tenga, maana bandani kicheche alishakula mayai mara mbili. Alipototoa nikamrudisha bandani na vifaranga wake. Tenga nikaliacha. Siku ya tatu mkwe akarudi na mtoto.

Wiki haikuisha, mtoto ana vipele shingoni, mama yake anajikuna, na mimi ninayembeba nawashwa mikono. Nikawaambia binti zangu: huyu katuletea kunguni. Begi lake nikalianika juani bila kumwuliza. Nikapekua mishono ya godoro, hata nepi. Sikuona kitu. Hapo ndipo nikazidi kumshuku. Nikasema basi ni upupu, kapewa na mama yake.

"Mama, unatafuta nini?"

"Ulichokuja nacho."

"Nimekuja na mjukuu wako."

"Na wadudu wa kwenu."

Akacheka, lakini macho yamemwiva. "Kwetu kuku ana banda lake, mama. Hatulali naye."

Akaanza kukunja kanga zake. Mtoto atakulia Kisarawe, alisema, na baba yake akimtaka amfuate huko.

Neno lile la kuku lilinichoma. Nikajifanya nafagia, nikavuta tenga. Nikatandaza kitambaa cheupe, nikaligonga. Likaanguka vumbi, kisha vumbi lenyewe likaanza kutembea. Nikaliponda kwa kidole: damu. Utitiri! Kuku alipoondoka walikosa wa kumnyonya, wakapanda kitandani. Nikakimbilia bandani. Kuku upanga wake wa kichwani umepauka, vifaranga wawili wamekufa.

Nikarudi, nikamwekea kitambaa mbele yake. "Wadudu ni wangu. Fungua begi."

Hakulifungua. "Wifi zangu uliwaambia wote, mama. Na hili waambie wote."

Nikawaita uani, na mume wake pia.

"Wadudu wametoka kwa kuku wangu, si Kisarawe. Tenga lichomwe sasa hivi, kitanda kimwagiwe maji ya moto, na kuku asivuke tena kizingiti hiki. Mkwe na mtoto watalala chumbani kwangu. Mimi nitandikieni mkeka sebuleni."