Mama wa Video

Simeon Mwaura, anayejiita Mwas, alizaliwa hapa Murera. Mama yake, Wakonyo, alimsomesha kwa maziwa ya ng'ombe mmoja. Alipomaliza shule alihamia Ruiru, mji wa hapa jirani, na kwa miaka tisa tulimwona Krismasi moja tu, na hiyo nayo aliondoka kabla chai haijachemka. Halafu akatoa wimbo wa kuisifu Murera.

Nitasema ukweli, wimbo ni mtamu. Ndani yake anaapa kwamba udongo mwekundu wa kwao haumtoki miguuni. Mimi ni jirani yao, na nilikuwepo siku ya kupiga video. Kitu cha kwanza alichofanya aliposhuka garini ni kupangusa viatu kwa tishu. Aliniomba jembe, na mpiga picha ndiye aliyemwonyesha linavyoshikwa.

Wakonyo alikuwa amevaa sketi ya kanisani na kitambaa kipya, kwa kuwa ubeti wa pili unamtaja mama. Mwas alimvuta kando, akamweleza kwa upole kwamba kamera inataka sura ya aina fulani, asichukulie vibaya. Garini akashuka Becky, msichana wa Kamenu, nywele zimepakwa poda ili aonekane mzee. Huyo ndiye aliyekumbatiwa mlangoni pa Wakonyo. Mwenye mlango aliambiwa asimame nyuma ya zizi asionekane. Baadaye akawapikia wote chai.

Wimbo ukavuma. Miezi mitatu baadaye kanisa letu lilifungua ukumbi mpya, na Mwas akaalikwa kama mgeni wa heshima. Alipofika ubeti wa pili machozi yalimtoka, akanyoosha mkono kuelekea viti vya akina mama.

"Maitu, mama yangu, yuko hapa," alisema. "Maitu, simama wakuone."

Wakonyo alibaki ameketi, mkoba magotini. Mzee wa kanisa akamsogelea na maikrofoni, akimsihi ainuke. Wakonyo hakupandisha sauti.

"Mama yake ni yule wa video. Mwiteni huyo."

Watu wa nyuma ndio walioanza kucheka. Mwas alirudia kiitikio, na hakuna aliyemwitikia.

Ibada ilipokwisha alimlalamikia mamake kwamba amemwaibisha mbele ya mashabiki. Kwamba yeye ndiye aliyemkosea mama, hilo halikumjia hata kidogo. Wakonyo alimwambia aje nyumbani Jumamosi, peke yake, bila kamera. Akakubali mbele yangu.

Jumamosi Wakonyo aliponda mukimo wa viazi na mahindi mapema na kuniita nimsaidie kuchinja kuku. Saa nane simu ikalia. Mwana mpenda kwao alikuwa amepata shoo Thika, hapa karibu tu, ya kuimba wimbo uleule. Hangeweza kupitia.

Wakonyo alikata simu, akatoa sahani mbili badala ya tatu. Tukala, tukaongea habari za mvua.