Gauni la Nailoni

Leo fundi cherehani ameunguza nailoni kwa pasi, na harufu yake imenirudisha kwetu Bongwe, miaka ile bendera ya uhuru ilipokuwa bado mpya.

Mama alikuwa akifua mashuka ya hoteli kule Galu. Nilitaka apumzike, nikampigia pasi ya makaa gauni alilolishona kwa harusi ya dada yake. Kitambaa kikajikunja, kikajivuta, gauni likabaki la mtoto.

Aliporudi alilishika, akajaribu kulinyoosha. Halikunyooka.

“Umeungua?” aliniuliza.

“La, mama. Nisamehe.”

“Basi nibandikie maji nioge. Miguu yaniuma.”

Harusini alikwenda amejifunga leso zake za kazini. Dada yake alipomwuliza gauni li wapi, mama alijibu, “Limenibana.”