Madirisha ya Gari la Mikate

Gari lile nililipata bure. Jirani yangu wa Kariakoo, aliyekuwa na duka la mikate, alikuwa anahama nchi na familia yake, na gari lake la kusambazia mikate lilikuwa limelala uani masika mbili bila kuwashwa.

"Wewe fundi bodi," aliniambia. "Lichukue kabla halijawa udongo."

Tukalivuta kwa kamba, mimi na wenzangu, hadi mtaa wa Gerezani, kwenye gereji nilikokuwa nafanya kazi. Injini ilikuwa nzima. Ubaya ulikuwa kwenye bodi. Ukikanyaga sakafu ya nyuma, mguu unatokeza chini, na milango ilikuwa imeliwa na kutu hadi ukiigusa inapukutika kama majani ya chai. Wenzangu walicheka sana.

Mimi nilikuwa na mwaka wa tatu mjini, chumba kimoja cha kupanga. Mke wangu na watoto wetu wawili walikuwa wamebaki kijijini kusini, ng'ambo ya Rufiji. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba siku wakihamia kwangu hawatatembea kwa miguu.

Basi nikawa nalishughulikia kila Jumapili, gereji ikiwa tupu. Bati madukani hakuna. Nikapasua mapipa ya mafuta, nikayanyoosha kwa nyundo na kuchomelea viraka. Nikapaka puti ya kuziba mabonde, nikapiga msasa wa maji mpaka ncha za vidole zikawa laini kama za mtoto. Siku nyingine jioni ilinikuta sijasema na mtu yeyote tangu nilipomwamkia mama mwenye nyumba asubuhi.

Nyuma kulikuwa bati tupu, halina hata tundu. Watoto wangu wakae gizani? Nikachora kwa chaki, nikakata kwa tindo madirisha manne, mawili kila upande. Vioo nilivitoa kwenye basi bovu. Nikaweka mabenchi, na chini ya dirisha moja nikapigilia kibao, mdogo asimame juu yake aone mji. Rangi iliyopatikana ilikuwa kijani ya madawati ya shule. Nikapuliza hiyo hiyo.

Nilipomwandikia mke wangu kuwa gari liko tayari, alijibu: "Baba watoto, wanakijiji wamenichagua kushika duka la kijiji. Shamba nimepewa, watoto wanasoma. Njia ikikauka nitakuja kukusalimia."

Nililisoma sana neno hilo, kukusalimia.

Akaja kiangazi, peke yake. Watoto aliwaacha kwa mama yangu. Nilipompokea stendi alilizunguka gari lote.

"Umelitengeneza wewe?"

"Mimi."

Hakukaa mbele na mimi. Aliingia nyuma, akakaa kwenye benchi karibu na kile kibao, akawa anapapasa mpira wa kioo. Nikamzungusha Mchikichini, Jangwani, tukarudi Kariakoo. Kwenye kioo cha dereva nilimwona anatazama nje, mkono wake mmoja juu ya kibao.

Tulipofika nyumbani akaniambia, "Limependeza, baba watoto. Ila usitungojee."

"Kwa nini?"

"Kule nisipofungua mlango asubuhi, jirani anakuja kuuliza nina nini. Hapa wewe nani anakuuliza?"

Nikawa nazungusha funguo za gari kidoleni.

"Rudi wewe," akasema.

"Kule kuna magari gani ya kunyoosha?"

Tukacheka kidogo. Alikaa siku tisa, akapanda basi kurudi.

Gari nilikaa nalo mpaka mwaka uliofuata, nikaliuza kwa zahanati moja ya misheni. Kwenye gereji ya Gerezani nilibaki miaka mingine sita. Kila kiangazi nilikwenda kusini na zawadi zangu, na mwanangu mdogo alinipokea mlangoni kwa adabu zote: "Shikamoo." Nikimwitikia marahaba, anarudi nyuma ya mama yake, anasimama hapo kunitazama.